Hapa Hatuna Muuguzi

Muuguzi wa kwetu Chome amefariki. Habari niliipata sokoni hapa Same, siku ya Jumamosi, kutoka kwa utingo wa lori la tangawizi lililokuwa limeshuka kutoka Myamba. Alikuwa amekaa juu ya magunia, akanitambua, akapaza sauti kama mtu anayetangaza mpira: "Wewe kijana wa Chome! Daktari wenu kafa!" Nikamwuliza daktari gani. "Kwani mnao wangapi huko? Yule mama! Malaria ilimpanda kichwani, gari la kumshusha likakosekana." Ndugu wasomaji, nyinyi mnaosoma safu hii mmesimama mbele ya ubao wa shule na sahani ya makande mkononi, najua mmekuja kucheka. Wiki iliyopita tuliwacheka wadudu wa kwenye maharage, na wengine mlitafuna mkiwa bado mnacheka. Leo mzaha hautoshi kujaza ukurasa. Nitajaribu, kwa kuwa marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kicheko, na nikiuacha kabisa mtadhani safu imeandikwa na mwalimu wa zamu. Majina ya watu sitaji, kama kawaida yangu, tangu mwalimu mmoja alipojitambua humu nami nikafyeka nyasi za uwanja mzima. Leo sheria hiyo inaniuma, na mtaona kwa nini.

Hata utingo alikosea. Yule mama hakuwa daktari, na hakuna jambo alilolisema mara nyingi kama hilo. Alikuwa mzaliwa wa Songea, serikali ilimleta mlimani zamani, lugha yetu ya Chasu alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua kusema "wapi panauma" kabla ya kujua kusema "nipe chumvi". Sisi kwetu mtu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, na ukimwita muuguzi tunaona umemvunjia heshima. Siku moja nilijilaza zahanati nikidai homa, siku ambayo shuleni kulikuwa na jaribio la hesabu. Akanishika shingo, akanitazama machoni, akaenda kuwasha stovu kuchemsha sindano. Nikamwambia, "Daktari, nahisi nimeanza kupona." Akajibu bila kugeuka, "Mimi si daktari, mwanangu. Daktari angekuandikia dawa. Mimi muuguzi nimekaa na wagonjwa mpaka nawajua, na wewe si mmoja wao. Nenda ukafanye hesabu." Nikabisha, maana ndiyo kazi yangu, nikamwuliza muuguzi na daktari wana tofauti gani kama wote wanachoma. "Daktari anakuja, anasema, anaondoka," akasema. "Anayebaki kukugeuza ubavu ni nani?" Nikasema mama. "Na mama akichoka?" Nikashika njia, nikaenda kufeli hesabu.

Mama huyu alikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko yote: kupokelewa chuo kikuu, Dar es Salaam, asome shahada ya uuguzi. Watu walimshangaa. Mtu ana mvi, ana mshahara, na kwa umri huo anataka kurudi kukaa dawatini kama sisi! Yeye alikuwa na sababu yake. Dawa zilikuwa zinakuja chache kila mara, mikutano ya wilaya ilikuwa inajadili wagonjwa wachangie nini na zahanati zipi zipunguziwe watu, naye akisimama kusema yaliyoko mlimani, wakubwa walimwambia, "Sista, kaa, tutakusikia baadaye." Alituambia akipata shahada watamsikia amesimama, kisha atafundisha wasichana wa huku huku wawe wauguzi, asiwe peke yake akienda vijiji vya mbali kama Mhezi kwa miguu. Basi akaomba. Akaanza kujinoa Kiingereza cha usaili kazini. Akimwambia bibi kizee kwa Kiingereza avute pumzi, bibi anafumba macho na kuitikia, "Amina." Chuo kikamjibu kwamba mwaka huo waombaji wangetembelewa kazini kwao kabla ya kupokelewa, siku itategemea gari na barabara. Akapaka chokaa kuta za zahanati kwa mkono wake. Akangoja.

Wageni walifika siku ambayo alikuwa ameitwa Mhezi kumzalisha mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake. Mimi nilikuwa huku shuleni. Haya nimesimuliwa na fundi cherehani anayekaa kibarazani pa duka, mzee mwenye maneno mengi kuliko nyuzi, ambaye tangu mitumba iruhusiwe hashoni tena suruali, anazifupisha tu za Wazungu warefu. Landrova ilisimama mbele yake, wakashuka mama mmoja na bwana mmoja, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na njia, imewapaka."

"Ahsante. Tunamtafuta muuguzi wa hapa."

"Muuguzi?" Fundi akasimamisha cherehani. "Hapa hatuna muuguzi."

"Zahanati si ile pale? Tumekuta imefungwa."

"Zahanati ipo, nani kakataa? Lakini ina daktari. Sisi si watu wa kuwekewa muuguzi."

Yule mama mgeni akatoa karatasi, akasoma jina, majina matatu kamili. Fundi akatikisa kichwa. "Huyo simjui. Jaribuni Myamba."

"Na huyo daktari wenu yuko wapi?"

"Kaenda Mhezi. Kuna mtu anajifungua, hawezi kumwacha. Hata kesho anaweza asirudi."

Kiswahili chetu nacho hakikusaidia. Hakuna neno hata moja katika maneno ya fundi lililowaonyesha wageni kwamba daktari huyo ni mwanamke, tena ndiye wanayemtafuta. Mvua ilikuwa inarudi, dereva alikuwa anatazama mteremko. Wakaaga, wakaondoka.

Msimcheke fundi haraka. Hakuwa mjinga, na alikuwa anampenda yule mama. Siku hizo kila gari la serikali lililopanda mlimani lilikuja kupunguza kitu. Lilipunguza watu wa ushirika, likapunguza watu wa misitu. Kichwani mwake fundi aliona hivi: nikikubali kwamba tunaye muuguzi tu, wataandika kwamba hapa hapana daktari, na zahanati isiyo na daktari watasema ifungwe. Kwa hiyo akampandisha cheo ili amlinde. Mama aliporudi kesho yake, viatu mkononi, amechoka na mwenye furaha kwa kuwa mtoto alilia, fundi alimpokea kwa kicheko. "Daktari! Nimewafukuza watu wako wa kupunguza!"

"Watu gani, kaka?"

"Walikuja na Landrova. Eti wanataka muuguzi." Akamtajia jina alilosomewa.

Yule mama akavaa viatu kwanza, kimoja, halafu cha pili. Kisha akasema, "Hilo ni jina langu."

Fundi anasema hakulia wala hakumgombeza. Alikaa kwenye benchi la wateja akatazama barabara inakoshukia, halafu akauliza, "Ile dawa yako ya presha umemeza leo?" Fundi akasema bado. "Nenda kameze." Chuoni aliandika kuomba radhi na kujieleza, wakamjibu kwamba nafasi zimejaa, aombe tena mwakani. Akasema sawa, mwakani. Akapaka chokaa tena. Mwakani hiyo ndiyo sasa hivi, wasomaji, na yeye hayupo. Aliyekuwa akibaki na sisi tulipougua, siku yake ilipofika hapakuwa na muuguzi mwingine wa kubaki naye, kwa sababu wale wasichana aliotaka kuwafundisha bado wako shambani wanapalilia tangawizi.

Nimelifikiria sana neno hili "daktari". Siku hizi kila kitu ruksa, hata kupandishana vyeo kwa mdomo. Mwenye meza ya sabuni ni mkurugenzi, anayetangaza bei za mali ya watu ni mfanyabiashara mkubwa, na mimi mwenyewe hapa bwenini naitwa mheshimiwa na watu wanaotaka sukari yangu. Tunadhani ndiyo heshima. Kumbe kumwita muuguzi daktari ni kumwambia kwamba kazi yake kama ilivyo haitoshi kuheshimiwa. Yeye alikataa kila siku, kwa upole, na kila siku tulicheka tukisema, ona alivyo mnyenyekevu. Hakuwa ananyenyekea. Alikuwa anatuambia yeye ni nani.

Niliomba ruhusa, nikapanda mlimani kuzika. Ndugu zake wa Songea walikuwa bado njiani. Seremala alikuja na msalaba na kopo la rangi nyeusi, akauliza, "Niandike nani?" Watu wakaitikia pamoja, "Daktari!" Akauliza daktari nani. Watu aliowatoa tumboni mwa mama zao walitazamana. Mchungaji akaanza kutafuta miwani ili asome kitabu cha majina ya washarika. Kabla hajaipata, fundi cherehani akavua kofia, akasogea mbele, akayataja majina matatu polepole, bila kukosea hata moja.

"Una hakika?" seremala akauliza.

"Nilisomewa mara moja tu. Nikasema simjui." Akapangusa uso kwa kofia. "Na chini yake uandike Muuguzi."

Mama mmoja akamaka, "Fundi jamani! Hata kaburini unamshusha?"

"Simshushi, dada. Ndivyo alivyotuambia mwenyewe, sisi tukacheka."

Seremala akaandika. Herufi ya mwisho ilichuruzika kidogo, na hakuna aliyeifuta.

Basi wasomaji wangu wa makande, mtu akikwambia kazi yake ni hii, mwamini na umwite hivyo hivyo. Jumatatu mwalimu atatuuliza tena kila mmoja anataka kuwa nani, na kama kawaida tutapata madaktari darasa zima, hata wale wanaozimia wakiona damu ya kuku. Akitokea mmoja akasema muuguzi, sisemi kwamba atakuwa mimi, hesabu zangu mnazijua. Nasema sitacheka.