Jua la Baridi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya utabiri wa hali ya hewa, huku North York, ughaibuni kwenye baridi kali, nilikwenda na sweta tu. Nilikuwa nimechungulia dirishani kwangu, mtaa wa Etobicoke, nikaona jua linawaka, nikadhani jua ni jua, kama la kwetu Moshi. Nilifika masikio yamekufa ganzi. Mkuu wa zamu hakunicheka mbele ya watu. Alinipa kahawa, akanionyesha ramani: juu yetu palikuwa na mgandamizo mkubwa, yaani hewa nzito inayoshuka na kufukuza mawingu. Pasipo mawingu, ardhi hupoteza joto lake usiku kucha.

"Hapa," akasema, "ukiona jua wakati wa baridi, ongeza koti."

Nilipangiwa meza ya kutabiri hali ya hewa ya milima ya magharibi, milima ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Mkuu alitaka tuchore mistari ya mgandamizo kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilipenda, maana mkono ukipita juu ya ramani akili huufuata.

Mwaka mmoja mdogo wangu Neema, muuguzi, alikuwa anahamia kazi mpya ng'ambo ya milima hiyo, yeye na wanawe garini. Asubuhi ya safari yake nilichora: mgandamizo mkubwa kaskazini, mdogo ukipanda kutoka kusini. Kati ya hiyo miwili upepo ungevuma kutoka mashariki na kuusukuma unyevu mlimani. Hewa ikipanda hupoa, na ule unyevu huwa theluji. Kompyuta ilisema itakuwa kidogo tu. Nilimpigia Neema.

"Dada, jua linawaka huku," akasema. "Nisiporipoti kesho, kazi wanampa mwingine."

"Hilo jua ndilo linaloniogopesha. Washushe watoto, Neema."

Alikata simu kwa hasira. Nilimpelekea mkuu ramani. Angeweza kuniambia nisilete mambo ya ukoo kazini. Aliitazama, akauliza swali moja kuhusu upepo, kisha akaidhinisha tahadhari. Barabara ya milimani ikafungwa. Kufika jioni theluji ilikuwa imeifukia, na Neema yuko hotelini, bado amenuna, watoto wanakula chipsi. Kazi walimwekea.

Sasa nimestaafu. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mkuu aliyeuamini mkono wangu kabla mimi mwenyewe sijauamini. Kompyuta za leo zinatushinda, sibishi. Neema hazimhusu. Kila akitaka kuvuka milima hupiga simu kwanza.

"Dada, jua limetoka. Niende?"

Nami humwambia asubiri, nitafute penseli.