Mzee wa Kisimani Kwenye Ukuta wa Maktaba

Juzi niliingia maktaba moja hapa Isiolo kusoma magazeti. Ukutani walikuwa wamebandika picha za watunzi wakubwa wa muziki: Wazungu wa nywele za bandia na Wamarekani weusi wa jazi. Mama mmoja wa mtaa wa Kiwanjani alisimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Huyu alifanya nini?"

"Alikuwa kiziwi, lakini aliendelea kutunga," kijana wa maktaba akamjibu.

"Na huyu wa piano?"

"Huyo ni wa jazi. Alitunga palepale, watu wakisikiliza."

"Kama baba yangu kisimani," mama akasema. "Akivuta maji anaimba, kila siku maneno mengine. Ng'ombe wake wakisikia hiyo sauti wanatoka katikati ya ng'ombe wa watu wote, wanapita visima vya wengine, wanakuja kunywa."

"Lakini mama, nyimbo za hawa ziliandikwa."

"Ng'ombe walikuwa na kiu. Wangengoja ziandikwe?"

Akatoa mkobani picha ya mzee mwenye kilemba, huyo baba yake, akachukua selotepu ya kaunta bila kuomba, akaibandika kati ya kiziwi na mpiga piano. Kila pembe aliikandamiza kwa kidole gumba.

"Mama, hiyo hairuhusiwi."

"Basi bandua. Mimi niko hapa."

Kijana alikitazama kile kidole, akaketi.

Sasa nasikia wakubwa fulani wanalalamika kwamba picha ile inaharibu ukuta. Nawauliza: kati ya hao wa nywele za bandia, nani aliimba mpaka wenye kiu wakapita maji ya wengine kumfuata? Mkitaka kuibandua, njooni. Mama atakuwa pale, na mimi kando yake, nimeshika selotepu.