Ibada ya Pili Chini ya Manga

Sabato iliyopita nilikuwa nyumbani, chini ya mteremko wa Manga, nimeketi kwenye kiti cha plastiki kanisani. Mzee wa kanisa akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba waumini wamezidi nafasi, kwa hiyo kuanzia alasiri hiyohiyo kutakuwa na ibada ya tatu. Watu wakasema amina hata bati likaitikia. Mimi nikavuta mkoba wangu, tayari kutoka. Usinicheke, rafiki yangu. Nimelala katika miji mingi, nimepikia wajenga barabara, nimeuza vinyago vya mawe laini ya kijiji cha Tabaka hadi Mombasa na Kampala, na hakuna kitu kinachonifanya nitafute mlango kwa macho kama tangazo la ibada mpya.

Nilipokuwa msichana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kanisa hilo lilikuwa la udongo, limepakwa chokaa hadi kiunoni tu, kwa sababu chokaa iliishia hapo. Benchi zilikuwa mbao za mkaratusi zilizopigiliwa kwenye vigingi vilivyofukiwa ardhini, kwa hiyo hukuweza kusogeza benchi, ulisogea wewe. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ikigongwa asubuhi, hata ng'ombe waligeuza vichwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya mbio. Tulichuma chai mpaka saa sita, kisha maji, kuni, kufua, kuoga mtoni, kusiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe. Chakula cha Sabato kilipikwa siku hiyo, maana jua likishazama Sabato imeingia, na moto ulikuwa wa kuota tu. Mama alichemsha chinsaga, mboga yetu ile chungu, akaimwagia maziwa na kuiacha ilale kwenye chungu. Kesho yake tuliila baridi, na ugali wa wimbi uliogeuka kuwa mgumu kama sabuni. Mpaka leo nikila chinsaga ya moto naona kama nimekosea siku.

Sasa, wewe ambaye hukukulia Gusii, lazima nikueleze jambo moja. Kwetu kulikuwa na chinsoni, haya ya heshima. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakuketi pamoja, hawakupeana mkono, hata nguo zao hazikugusana. Ndiyo maana kanisani wanaume waliketi kushoto na wanawake kulia, na katikati kulikuwa na njia pana. Wageni walidhani njia ile ni ya mhubiri. Sisi tulijua ni ya chinsoni.

Lakini chai ilikuwa imeingia mashambani. Vijana waliacha kwenda kutafuta kazi mbali, wakakaa nyumbani, wakaoa, wakazaa, wakabatizwa mtoni kwa makundi. Kanisa likajaa. Benchi za kuazima zikawekwa katikati, na ile njia ikaanza kufa polepole. Sabato moja mvua ilinyesha, waliokuwa nje wakasukumana kuingia, na mama yangu, mtoto mgongoni, akasukumwa hadi mwisho wa benchi. Wimbo ulipokwisha tukaketi. Aliyeketi bega kwa bega na mama alikuwa babu, baba mkwe wake.

Babu aliruka kama aliyeingiwa na siafu, akatoka kwenye mvua bila koti. Mama alijifunika uso kwa leso. Sabato iliyofuata babu hakuja kanisani, wala mama hakuja. Tena hawakuwa peke yao. Kumbe nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kukwepana hivyo.

Wazee wa kanisa wakakutana, wakatoka na dawa: ibada mbili. Ya asubuhi ya wazee na wake zao. Ya alasiri ya wana na wake za wana, mpaka jua lizame. Jirani yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa na mdomo mwepesi, akauliza pale pale, "Na mbinguni, wazee, tutaingia kwa zamu pia?"

"Wewe utaingia mwisho," mzee mmoja akamjibu, "kwa mdomo huo."

Watu wakacheka, wakaimba, wakaenda nyumbani wakisifu. Hakuna aliyeuliza habari zangu. Nyanya yangu, mke wa babu, alikuwa na ukungu machoni. Mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake, na ndiye niliyemfungulia Biblia na kumsomea mafungu sikioni. Kwa hiyo nilikuwa wa asubuhi. Mama naye hakuweza kusikiliza mahubiri na mtoto anayelia. Baba alikuwa mpishi kwenye mashamba ya chai Kericho, tulimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nilikuwa wa alasiri pia. Kanisa zima liligawanywa, na mimi peke yangu nikabaki mzima pande zote mbili.

Asubuhi nyanya alinishika kifundo cha mkono kama mtu anayeshika kuku wa kuuza. Nikimrudisha nyumbani, nakula ugali wangu mgumu, rimu inagongwa tena. Alasiri mtoto yuko mgongoni, amelowa, ananivuta nywele. Mahubiri yaleyale, mhubiri yuleyule, hata mzaha wake uleule mahali palepale. Nilijua hadi pale atakapokohoa. Nilihesabu misumari ya bati, nikiimaliza naanza upya.

Nilichokuwa nimenyang'anywa kilikuwa kimoja. Kabla ya ibada ya pili, alasiri ya Sabato ilikuwa ya watoto. Mwalimu wetu wa Shule ya Sabato, kijana mrefu aliyevaa viatu vya mpira, alitupeleka kutazama kazi ya Mungu: mtoni, msituni, kwenye mapango ya popo. Alikuwa ametuahidi kwamba atatupandisha juu kabisa Manga, mahali ambapo siku ikiwa safi unaona ziwa. Sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nililala nikiyawaza. Nilimuuliza nyanya kama ziwa lina kelele, kama lina harufu, kama linalala usiku. "Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa nyanya na mjukuu, "utakuja kuolewa na njia wewe."

Kisha mwalimu akatangaza kwamba amehamishwa. Sabato inayofuata ndiyo ya mwisho, na ndiyo ya Manga.

Nilimwendea mama Jumapili kuomba ruhusa, tukichuma chai. Akachuma mpaka mkono ukajaa majani. "Mimi ni nani wa kusema?" akajibu. "Mpango wa ibada ni wa wazee. Mwambie babu yako, akisema uende, nenda."

Babu alikuwa kwenye kigoda chake, anachonga mpini wa jembe. Aliniita "mama", kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Mama," akasema, "mtoto yule ni wa mama yako. Siwezi kumwamuru mke wa mwanangu amfunge nani mgongoni. Yeye akipenda, nenda."

Nikarudi kwa mama. "Amesema ukipenda."

"Nikipenda mimi? Nionekane nimempita baba mkwe? La. Apende yeye."

Nikarudi kwa babu. Unaona jambo lenyewe? Tangu siku ile ya benchi hawakusemezana hata kwa mbali, na kila mmoja alimheshimu mwenzake zaidi ya jana. Hakuna aliyesema hapana. Wangesema hapana ningelia, nikachapwa, yakaisha. Nilikwenda na kurudi kwenye kijia kile kati ya nyumba mbili juma zima, nikibeba heshima ya watu wengine, mpaka Ijumaa jua likazama.

Sabato alasiri nilikuwa kwenye benchi, mtoto mgongoni. Nje niliwasikia wenzangu wakiondoka na wimbo. Wimbo ukapanda mlima, ukawa mwembamba, ukakatika. Mhubiri akakohoa.

Katikati ya mahubiri mlango ukaingia giza. Nyanya alikuwa amesimama pale, peke yake, viganja vyeusi kwa kupapasa ua njia nzima kutoka nyumbani. Sketi yake ilikuwa na matope magotini; alikuwa ameanguka. Mzee wa zamu akamwendea, akamnong'oneza kwamba hii si ibada yake.

"Nimepotea njia," nyanya akasema kwa sauti ya watu wote. "Mimi ni kipofu, utanifanya nini?" Akanyoosha mikono. "Mke mwenzangu, uko wapi? Niletee huyo mtoto. Nenda."

Mama aliinamisha kichwa, lakini niliona ameuma leso ili asicheke. Nilimfunga nyanya mtoto mgongoni, nikatoka. Rafiki yangu, nilikimbia. Nilipita mashamba ya chai, migomba, kisima, nikaanza kupanda kwa mikono na miguu. Miiba ilinirarua gauni la Sabato na sikusikia.

Nilikutana nao kwenye kona ya mawe, wanashuka. "Linang'aa kama bati jipya!" wakanipigia kelele. "Halina mwisho!" Mwalimu akatazama jua, akanitazama mimi. "Bado linaonekana," akasema. "Panda mbio. Nitawapeleka hawa, nitakungoja hapo chini."

Juu palikuwa karibu sana. Niliona ukingo, na nyuma yake mbingu tu. Nikatazama chini pia. Bati la kanisa lilikuwa limekuwa jekundu kwa jua. Ibada ilikuwa inaisha. Mama angebeba mtoto, na nyanya angebaki mlangoni, anapapasa hewa, kwa sababu mama asingeweza kumwongoza hadi uani mwa babu. Angesubiri. Angesema amepotea njia, na safari hii ingekuwa kweli.

Siku ile hakuna aliyenishika. Niligeuka mwenyewe.

Mwalimu aliondoka kesho yake. Shule niliiacha darasa la sita, na nyanya alipokufa niliiacha hata nyumba. Ziwa nimelitazama kutoka Kisumu, kutoka Homa Bay, kutoka Mwanza, nimelivuka nikitapika. Lina kelele, na lina harufu, na halilali. Kutoka Manga sijaliona.

Chinsoni imekwenda. Sabato iliyopita niliona bibi harusi mdogo ameketi na baba mkwe wake, wanasoma fungu kwenye simu moja, vichwa vimegusana. Sikuona ubaya, ila nilitazama kando. Rimu haipo, benchi hazipo, na ule uso wa nyanya uliojua kucheka bila kuona haupo.

Kengele ya umeme ya ibada ya tatu ilipolia, nilitoka nje. Siku ilikuwa safi, Manga ilikuwa imesimama pale pale, na alasiri yote ilikuwa yangu. Hapakuwa na mtu wa kuniruhusu wala wa kunizuia. Nikaketi kwenye ngazi za kanisa, mkono nimeunyoosha kidogo kama wa kushikwa na nyanya, mpaka jua likazama.