Gunia Kando ya Kitanda

Zamani mtu akitaka kupulizia mikorosho alipita jioni nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafunike maji na kuwaingiza watoto ndani. Siku hizi gunia la salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, linalala chumba kimoja na watoto, na hakuna anayemwambia mtu kitu.

Jambo hilo lilimkera Mzee Benedikto wa Newala kuliko uzee wenyewe. Shule aliiachia darasa la saba, lakini vitabu vya kemia vilivyotupwa na wanafunzi wa sekondari ya Chidya alivisoma mpaka vikachanika. Kila msimu, mwanawe Oscar alipolaza magunia kando ya kitanda cha mjukuu wake Nancy, mzee alianza somo.

"Unga huu ukitulia hauna neno kubwa. Ukishika moto unaungana na oksijeni, unakuwa gesi. Gesi ikikuta unyevu, jichoni au kifuani, inakuwa asidi. Hapo mwili nao unajibu: mirija ya pumzi inajibana. Na kifua cha Nancy unakijua."

"Sasa baba, nikiyalaza nje yakaibiwa, nipulizie mate?"

Jirani yao Sultani, aliyekuja kuazima mashine ya kupulizia, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Shikamoo mwalimu! Oscar, jibu swali, utapewa sifuri."

Mke wa Oscar, Scholastika, hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akimpakata mtoto kifua kilipombana. "Baba, sema naye tena," alimwambia mzee pembeni. "Mimi nikisema, ni kelele za mwanamke."

Mzee akasema tena. Akasema wakati wa ugali, akasema wakati wa chai, akasema mpaka Oscar akawa anakula kwa Sultani. Magunia yakabaki palepale.

Asubuhi moja upepo ulipanda kutoka bonde la Ruvuma na baridi yake. Scholastika akaingiza jiko la mkaa ndani ili mtoto aote. Oscar alikuwa anawahi umande, maana majani yakikauka unga haushiki. Akaburuta gunia lililotoboka kutoka chumbani hadi mlangoni, akaenda zake. Nyuma yake ukabaki mstari wa unga wa njano kando ya jiko. Kaa moja likadondoka.

Moto wa salfa ni wa buluu, mchana hauonekani vizuri. Kilichowashtua ni harufu, kisha kikohozi cha Nancy. Scholastika alimkumbata mtoto wakatokea uani. Mzee akabaki kumwaga mchanga juu ya moto. Alipotoka, mtoto alikuwa amefumba macho, mbavu zinaingia na kutoka, pumzi inapiga filimbi.

Mzee alikimbilia jikoni, akarudi na magadi kwenye kikombe. "Asidi dawa yake magadi! Mfumbue macho nimwoshe!"

"Usimguse!"

"Mama Nancy, ndivyo kemia inavyo..."

"Jicho si chupa ya darasani, baba! Lete maji!"

Maji. Kisima cha kuvunia mvua kilikuwa kimekauka zamani. Lilibaki dumu moja la kunywa. Mzee alilimimina lote, taratibu, juu ya macho ya mtoto.

Hospitalini mtoto alivutishwa dawa mpaka filimbi ikanyamaza. Waliporudi, Oscar alikuwa amekaa kizingitini, nyusi za njano.

"Magunia yatoke leo," Scholastika alisema.

Oscar alitazama miguu yake. "Msimu ukiisha."

"Unaona sasa!" mzee akadakia. "Si nilikwambia oksijeni..."

Scholastika akamgeukia. "Na wewe baba, basi. Humu ndani mmoja ana magunia, mwingine ana maneno. Miaka yote hii ungelibeba tu hilo gunia ukalitoa."

 

Asubuhi, Scholastika alipokuwa akifunga nguo za kuhamia kwa mama yake, kijijini Chiwata, mzee aliingia chumbani, akakumbatia gunia la kwanza, akaliburuta. La pili likampasukia mlangoni. Alipoinua kichwa, macho yanamwasha, pikipiki ilikuwa imeshaondoka: Scholastika nyuma ya dereva, Nancy katikati, kichwa kimefunikwa khanga iliyoloweshwa. Mzee aliita. Mtoto akatoa mkono chini ya khanga, mama yake akaurudisha ndani, pikipiki ikakata kona ya barabara ya Masasi. Hapo ndipo alipowaona kwa mara ya mwisho.