Lubugo ya Mtu Aliye Hai

Mzee Mutembei ni jirani yetu hapa Maruku. Kibanja chake na chetu vinagusana, kwa hiyo nimekua nikisikia nyundo yake ya mti tangu sijajua kuongea. Hugonga magome ya mtoma mpaka yanakuwa laini kama nguo, kisha huyaanika juani yakageuka rangi ya udongo. Hiyo ndiyo lubugo. Zamani waliivaa watu wakubwa. Siku hizi tunaivaa mara moja tu, tukiwa tumeshakufa.

Watu humtania. Wakipita akiwa anagonga humwambia, "Mzee, ya kwangu usiianze bado." Naye hujibu bila kuinua kichwa kwamba ya kwao haina haraka, wao ni wafupi, hata gome la mti mchanga litatosha.

Mwaka huu wa sabini na nane, mvua za vuli zilipoanza, aliacha utani. Alirudi kutoka Bukoba mjini akakaa barazani kwetu. Mama akampa kahawa ya kutafuna, akawa anaishika tu mkononi. Mwishowe akaeleza. Mustapha, mwenye duka la Miembeni anayemuuzia lubugo zake, amepata wanunuzi kutoka upande wa pili wa mpaka. Hilo si geni, nao huko huzikia lubugo. Lakini mnunuzi wa lubugo, alisema, ni msumbufu kuliko mnunuzi wa ng'ombe. Huikunjua, huiinua juani atafute kiraka, huivuta, hununa, huondoka, hurudi. Ana maiti mmoja nyumbani, na anampenda. Hawa walibeba zote bila kukunjua hata moja, na zile zenye matundu pia, halafu wakauliza kama zipo nyingine.

"Mtu asiyechagua," alisema, "ana maiti wengi."

Mama akasema labda ni maradhi. Mzee akajibu kwamba watu wa maradhi husimulia mgonjwa alivyoanza. Hawa hawakusimulia kitu, walinunua wakiangalia mlango. Nchi ikishaanza kujila namna hiyo, haishibi, itavuka mpaka. Na wa kwanza kuvukiwa anawajua. Binti yake Klaudia ameolewa ng'ambo ya Mto Kagera, karibu na mpaka kabisa, na mfugaji aitwaye Byabato. Wana mtoto anayeanza kutembea.

Alikwenda kwa Kamugisha, balozi wetu wa nyumba kumi. Kamugisha si mtu mbaya. Alimwambia serikali ina macho yake mpakani, na anayeeneza uvumi anawavunja moyo wanakijiji, arudi tu kazini. Alisema kwa upole, ila alisema mara mbili, na mara ya pili hakumwita mzee, alimwita ndugu Mutembei. Mzee akarudi na mdomo umefungwa.

Sasa binti atamwitaje? Kwetu baba hamwiti hivi hivi binti aliyeolewa. Mume atadhani ananyang'anywa mke. Mzee alituma salamu kwamba amemkumbuka mjukuu, Byabato akajibu kwa adabu kwamba atawaleta Noeli. Noeli ilikuwa mbali. Lipo jambo moja tu ambalo mkwe halikatai, nalo ni msiba. Katika ukoo wa mzee, msiba wa baba hautumwi kwa maneno. Hukatwa pembe ya lubugo atakayozikiwa, na mtoto akiipokea haulizi, anafunga mzigo.

Mzee ana lubugo yake mwenyewe, nzuri kuliko zote alizowahi kugonga, imewekwa darini juu ya moshi. Tulimkuta ameishusha, kisu mkononi.

"Waitu, mzee wetu, usijiitie msiba," mama alimwambia. "Kifo ukikiita kitaitika."

"Kiitike huku," alisema. "Kikija huku kitanikuta mimi. Kikienda kule kitamkuta nani?"

Akakata. Utingo wa lori la mizigo akaondoka na ile pembe.

Klaudia alifika amenyoa nywele, mtoto mgongoni, akilia tangu barabarani. Majirani wakatoka kumfuata. Akaingia uani akamkuta baba yake amekaa na nyundo yake. Kilio kikakatika. Alirudi nyuma mpaka akagonga mgomba. Mzee alipomwita jina, majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na mmoja alisema kaburi lililotangazwa halifungwi tupu.

Baadaye Klaudia alimwambia kwa sauti ndogo, "Tata, umeniua mimi." Byabato alibaki kutafuta wa kuchunga ng'ombe, ili aje na fahali wa maziko. Sasa mumewe atawaambiaje ndugu zake kwamba mkwe yu hai? Mzee akamweleza habari za wale wanunuzi, akamwomba akae walau mpaka Jumapili. Hakukubali. Asubuhi alimbeba mtoto akaenda mjini kupanda basi la Kyaka.

Alirudi jioni hiyohiyo kwa miguu. Hakuna basi lililokwenda. Alikutana na watu wanatoka kule na magodoro kichwani, mbuzi, wengine mikono mitupu, na mama mmoja aliyebeba mlango wa nyumba yake. Walisema wanajeshi wameingia, wanachoma, wanachukua ng'ombe. Siku zilizofuata tukasikia daraja la Kyaka limevunjwa. Hakuna atakayevuka tena kirahisi.

Kamugisha alikuja, safari hii akamwita mzee. Aliuliza ni nini kitafuata. Mzee akasema yeye si mganga, anagonga magome.

Klaudia anauliza kila anayepita. Mmoja alimwona Byabato akiwaswaga ng'ombe kuelekea mtoni. Mwingine hakumwona. Jana akakaa mbele ya baba yake.

"Ulijua kabla ya redio. Niambie, Byabato yuko hai?"

Mzee aliweka nyundo chini. "Nilijua ya watu wengi," alisema. "Ya mtu mmoja sijui kuisoma."

Klaudia akafungua pindo la kanga, akatoa ile pembe, akamwekea magotini. Akamwambia aishone ilipotoka. Mzee akashona kwa nyuzi za mgomba.

Leo asubuhi amekuja mtu mmoja wa ng'ambo ya mto, ana matope mpaka kifuani. Ameomba lubugo. Mzee akamletea mbili ili achague. Mtu yule akazichukua zote mbili, hakuzikunjua, akauliza kama ipo nyingine.

Mzee akamtazama Klaudia. Klaudia anatazama njia.