Nilimwambia Angoje

Mdogo wangu wa kiume anaishi Ubelgiji, na kwa mwaka mzima kazi yangu ya Jumapili ilikuwa kumwambia kama Lubumbashi inafikika. Alitaka kuja kumwona mama. Mama aliishi kwangu, mtaa wa Katuba, na wawili hao walikuwa na miaka tisa hawajakaa chumba kimoja.

Mimi ni mwalimu, nikipewa kazi naifanya. Nilitenga daftari moja la shule, kaye kama tunavyoliita, nikawa naandika humo habari za usalama za wiki. Jumanne: risasi zimelia Naviundu, asubuhi, hakuna anayejua nani kapiga. Alhamisi: maduka ya mjini yamefungwa, watu wameandamana. Jumamosi: wasafiri wa Mitwaba wamerudishwa njiani, eti porini kuna wenye bunduki. Siku isiyo na neno niliandika "kimya". Jumapili baada ya misa nilimsomea yote kwenye simu. Yeye naye alikuwa na ramani ya serikali ya huko ya kuonya wasafiri, mashariki ya nchi yetu imepakwa nyekundu kwa sababu ya vita, na sisi rangi ya machungwa. Nilimwuliza kama aliyeipaka alishawahi kununua hata fungu moja la sombe, majani ya muhogo, hapa Katuba. Hakucheka. Ana mke na mtoto mdogo, na walipanga kuja wote watatu.

"Yaya, weye unaona namna gani?" aliniuliza. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Tukuye ao tungoje?"

"Ngoja kwanza," nilimjibu. "Acha bantu batulie."

Akasogeza mbele tarehe ya tiketi.

Ambacho sikukiandika ni miguu ya mama. Ilianza kuvimba msimu wa mvua, ikavimba mpaka ndala za marehemu baba, mtu wa reli mwenye miguu mikubwa, zikamtosha. Daktari alisema moyo umechoka. Kwetu, ugonjwa hautangazwi kwa simu kwa mtu aliye ng'ambo. Atafanya nini huko zaidi ya kukosa usingizi? Anaambiwa siku akishuka kwenye ndege, au siku ya msiba. Na mama mwenyewe alinishika mkono akaniambia:

"Usimuambie. Iko mbali, utamutesa bule. Akifika atajionea."

Basi kila Jumapili nilimpaka mafuta usoni, nikamfunga kitambaa kipya kichwani, nikamkalisha karibu na dirisha na kumfunika miguu kwa kitenge. Simu ilionyesha uso tu.

"Mama, uko muzuri?"

"Niko muzuri, papa," alimjibu, kama mama zetu wanavyowabembeleza wana wao wa kiume. "Weye ukule tu."

Mimi ndiye niliyeishika simu, kwa hiyo niliviona vyote viwili, uso na miguu. Sikuwa na huzuni wala hofu. Nilikuwa na ganzi, na ganzi ile niliiita utulivu.

Mara ya pili aliponiuliza kama waje, mama hakuweza tena kwenda chooni bila kushikwa. Nilifungua daftari. Wiki ile askari walikuwa wameweka vizuizi kwenye njia ya uwanja wa ndege, wakipekua kila gari. Nilimsomea hilo, nikamwambia angoje. Alinishukuru sana. Alisema afadhali mimi, najua kupima mambo.

Mama alifariki Jumatano, saa nne asubuhi. Nilitoka kumwita jirani, na barabarani watu walikuwa wanauza maandazi na kunyoa nywele kama siku zote. Nakumbuka niliwaza kwamba leo ningeandika "kimya".

Mdogo wangu alifika baada ya siku tatu, peke yake. Hakuangalia ramani, hakuuliza habari za njia. Tulimngoja kwa mazishi, maana hatumziki mama wakati mtoto wake wa kiume yuko safarini. Alipoingia uani watu wote walilia. Mimi nilikuwa napanga viti, nikaendelea kupanga.

Kesho yake, baada ya kutoka makaburini, aliomba karatasi aandike majina ya kupeleka kwa padri kwa ajili ya misa. Nilimpa daftari lililokuwa karibu, bila kufikiri. Hakuandika chochote. Alianza ukurasa wa kwanza, akasoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari kama wanavyofanya watoto wa darasani kwangu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Yaya, mama iko wapi mu hii kaye?"

"Alikataza," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akanirudishia daftari, akatoka kwenda kukaa na wanaume. Ni kweli, mama alinikataza kusema kwamba anaumwa. Lakini kumwambia mdogo wangu angoje, hakunituma. Hilo nilimwambia mimi, mara mbili, na miguu ya mama ilikuwa mbele yangu.