Chungu cha Kumuaga Mama Jirani

Wiki jana kazi ilinipeleka Angurai kukagua vyoo vya soko, na nilipomaliza, miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwa bibi. Jiko lake bado limesimama, ingawa nyasi za paa zimeoza upande mmoja. Nikainama, nikaingia. Ile harufu ya unga wa wimbi uliokaangwa haipo tena, rafiki yangu. Nilikaa mle ndani kidogo, nikatoka na masizi begani.

Utotoni mwangu, likizo ya Agosti ilikuwa na harufu hiyo. Bibi, ambaye wajukuu wote tulimwita Tata, alifukua unga uliolala shimoni chini ya majani ya mgomba, akaukaanga juu ya bati kubwa uani huku moshi ukitutoa machozi. Tulilizunguka lile bati tukidokoa chembe zilizoungua, chachu na tamu kidogo, mpaka atufukuze kwa mwiko. Siku kadhaa baadaye ajono ilikuwa tayari chunguni. Wazee waliizunguka pombe hiyo tangu asubuhi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni, wakibishana kuhusu ng'ombe na siasa. Kazi yangu ilikuwa birika. Ajono hunywewa moto, kwa hivyo nilishinda nikikimbia kati ya jiko na chungu nikiongeza maji yanayochemka, na kukemewa na kila mtu.

"Wewe, unataka kutuchoma ama kutunywesha baridi?"

Mirija ya Tata na mama jirani ilikaa bega kwa bega siku zote. Wawili hao waliolewa kijijini msimu mmoja, wakagombania kuku, mpaka wa shamba na mambo mengine nisiyoweza kuandika hapa, na bado walivuta kutoka chungu kimoja. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atampikia ajono ya kumuaga. Walilisema hilo wakicheka, nami nikacheka nao.

Nilikua, nikasomea afya ya umma, nikaajiriwa Malaba. Huko naitwa mtu wa afya, na wauza chakula wakiniona kwa mbali wanafunika sufuria mbio mbio. Kisha kipindupindu kikaingia vijijini kwetu, na amri ikatoka: hakuna kula matangani, hakuna kunywa chungu kimoja. Juma hilo hilo mama jirani akafariki, kwa uzee tu. Tata alikuwa ameshapika.

Ningeweza kumwachia mwenzangu wa ofisini kazi ya kwenda kuimwaga pombe ile. Nikaona heri niende mwenyewe.

"Tata, ugonjwa uko," nilimwambia. "Watu wakivuta hapa pamoja, tutazika wengine."

"Najua. Redio imesema." Akakiangalia chungu. "Lakini mimi nilimwambia nitampikia."

"Nimetumwa niimwage."

"Basi mwaga wewe. Nisimwagiwe na mtu nisiyemjua. Lakini ngoja kwanza."

Akaingia jikoni, akatoka na birika. Sikuthubutu kumpokea. Akamimina maji yanayochemka, povu likapanda, harufu ya likizo zangu zote ikajaa ua mzima. Akasimika mirija miwili, wake na wa rafiki yake, bila kuitia mdomoni. Akakaa kwenye kigoda chake mpaka mvuke ukaisha.

"Haya," akasema.

Nikakiinamisha chungu. Ardhi ilichukua muda kuinywa.

Nilifanya lililopaswa, na hata kesho ningelifanya tena. Lakini nililia njia nzima hadi Malaba.

Tata hakupika ajono tena. Alipofariki, ugonjwa ulikuwa umeisha na amri imeondolewa, lakini katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa amejifunza kupika. Mimi nilijua birika tu. Tukaagiza soda, kila mgeni chupa yake na mrija wake wa plastiki. Nilikagua maji, jiko na mahali pa kunawa mikono, na kila kitu kilikuwa safi. Watu walikunywa wakiwa wamesimama, wakaaga mapema, na jua lilipoinama, uani kwa Tata hapakuwa na mtu.